Kabla Tofali Halijapanda
Huko Kilimanjaro, mpaka wa kihamba na kihamba, yaani mashamba ya ukoo, huoneshwa kwa mimea ya masale, na jani la sale hilohilo ndilo Mchagga humpelekea aliyemkosea anapoomba msamaha. Nawasihi wanaogombana na jirani kwa hatua mbili za uwanja waanzie hapo, kwenye kuzungumza, kabla ya kumtafuta wakili. Simamisheni kila kitu kwanza: asijenge mtu ukuta, asing'oe mtu minyaa ya mpakani, maana tofali likishapanda hakuna anayekubali kushindwa. Kiwanja kikiwa kimepimwa, kazi ni nyepesi. Bikoni, yaani alama ya mpaka, hata ikifukiwa na kifusi, vipimo vyake vimo kwenye ramani ya upimaji, na mpima ardhi aliyesajiliwa anaweza kufufua mpaka. Gharama mgawane, naye apime mkiwa mmesimama pale wote wawili. Mkishindwana, nendeni baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza hilo halihukumu kesi za ardhi. Linasuluhisha, na limepewa siku 30 kabla shauri halijapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi huzichukulia siku hizo kuwa za kusubiri barua ya kwenda juu tu, na hilo linaniuma sana, kwa sababu huko juu shauri huweza kula miaka, na watoto wa nyumba zote mbili wanaendelea kuchota maji bomba moja. Mkipatana, andikeni, wake na waume wa pande zote watie saini mbele ya mashahidi, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa.