Mafuriko: wiki za jua zinazopotea bure

Agosti 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kuwa vuli ya mwaka huo ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Vuli ikaja kama ilivyotabiriwa, na masika yaliyofuata hayakuwa na huruma. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki dunia na 236 wamejeruhiwa. Taarifa ilitoka mapema. Mitaani, maandalizi yalisubiri maji.

Dar es Salaam haina kisingizio cha ugeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imezama zaidi ya mara moja. Kuhama mabondeni ndiyo tiba kamili, lakini mpangaji aliyekwisha lipa kodi ya miezi sita, au fundi cherehani ambaye wateja wake wote wako hapo, hawezi kuondoka kwa tangazo la redio. Naye anastahili kusaidiwa kujiandaa.

Duka la rejareja ni mfano mzuri. Magunia ya unga na sukari hukaa sakafuni kwa kuwa ni mazito, basi ndiyo yanayotangulia kuharibika. Chanja ya mbao juu ya matofali inayainua juu ya maji ya kifundoni. Daftari la madeni, ambalo kwa maduka mengi ndilo nusu ya mtaji, lipigwe picha kila jioni. Leseni na mkataba wa pango vifungwe kwenye nailoni, viwekwe juu. Mwenye bima naye asome mkataba wake: mara nyingi bima ya moto haigusi mafuriko mpaka kipengele hicho kiongezwe na kulipiwa.

Nyumbani, hatari kubwa ni umeme. Kila mtu mzima, dada wa kazi akiwemo, ajue swichi kuu ilipo, aizime kabla maji hayajaingia, na asiiguse akiwa amesimama majini. Watoto waambiwe wazi: maji yaendayo kasi, hata ya sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Yako mengine ambayo familia moja haiyawezi. Mtaro uliojaa chupa za plastiki, au jirani anayetapisha choo mvua ikinyesha na kumwachia kila mtu hatari ya kipindupindu, ni kazi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti aitishe mkutano Februari, jua likiwaka, na watu watoke pale wakijua shule ipi itafunguliwa usiku, nani ana gari la kubebea wagonjwa, na nyumba zipi zina wazee wasioweza kutembea.