Gari Likifa, na Karatasi Zake Zizikwe

Katika Shumba Mjini na Shumba Viamboni, Wilaya ya Micheweni, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Pemba, gari si pambo. Ndilo linalomfikisha mgonjwa hospitali, mwalimu kazini na karafuu mjini. Kwa hiyo gari linapopata ajali, ikaonekana kwamba gharama ya kulitengeneza inazidi thamani yake, msiba huo haumhusu mwenyewe peke yake. Majirani hukusanyika, wakasaidia kulikokota hadi nyuma ya nyumba, wakamshukuru Mungu kwa kuwa watu wamesalimika, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo kosa huanza. Gari limekufa, lakini jina la mwenyewe lingali katika daftari la usajili, bima yake ingali katika vitabu vya kampuni, na deni la Serikali, pale linapotozwa kwa mwaka, huendelea kuhesabiwa kana kwamba magurudumu bado yanazunguka.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili pana sura ya pili ya msemo huo: mali iliyokwisha potea, ikisalia katika daftari, huzaa deni bila habari.

Ni vyema kwanza kueleza haki ya mwenye gari mbele ya bima, maana wafanyakazi wengi huijua bima kwa stika tu. Mwenye bima ndogo hulindwa dhidi ya madai ya watu wengine aliowadhuru. Gari lake mwenyewe likifa kwa kosa lake, hana cha kudai. Hata hivyo, kama kosa ni la dereva mwingine, anayo haki ya kupeleka madai yake kwa kampuni iliyomkatia bima dereva huyo, kwa kuwa bima ndogo inayouzwa kwa kawaida hulinda pia mali ya mtu mwingine kwa kiwango kilichowekwa. Wengi hawalijui hilo, na kwa kutolijua huacha fedha zao zilale.

Mwenye bima kubwa hulipwa, lakini hulipwa kwa kanuni ambayo yafaa ieleweke kabla ya ajali. Bima humrudisha mtu pale alipokuwa; haimtajirishi. Tuseme mwalimu amelikatia bima gari lake kwa thamani ya shilingi 8,000,000, kwa ada ya asilimia 3.5, yaani shilingi 280,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Siku ya ajali, gari la aina ile na umri ule linauzwa sokoni kwa shilingi 6,000,000. Kampuni itahesabu kwa hizo milioni 6. Itaondoa sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye gari aibebe mwenyewe. Kama mwalimu anataka kubaki na mabaki ya gari, thamani yake nayo itaondolewa. Kama hataki, mabaki huwa mali ya kampuni. Ina maana kwamba kila mwaka mwalimu huyo alikuwa akilipa shilingi 70,000 za ziada kwa thamani ambayo gari lake halikuwa nayo. Aliyekata kwa thamani ndogo mno naye hukuta malipo yamepunguzwa kwa kadiri ile ile. Dawa ni moja: thamani ipitiwe upya kila bima inapokatwa, wala isinakiliwe kutoka karatasi ya mwaka jana.

Baada ya malipo ya hasara kamili, mkataba huwa umetimiza kazi yake, na kwa kawaida hakuna ada ya miezi iliyosalia itakayorudishwa. Hali ni tofauti kwa mtu aliyelitoa gari lake barabarani bila kudai chochote. Huyo anaweza kuandika barua ya kuvunja mkataba na kuomba sehemu ya ada yake, kwa masharti ya mkataba wenyewe. Asipoandika, hakuna atakayemwandikia.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa mtumishi wa umma aliyenunua gari kwa mkopo. Gari likifa, makato ya mshahara hayafi. Ikiwa gari ndilo rehani, mkopeshaji hulipwa kwanza, na mwenye gari hupewa kilichobaki, kama kipo. Mtumishi aliyetia sahihi hati ya kukubali malipo ya mwisho bila ya kuisoma huamka baadaye akakuta gari hana, fedha hana, na mshahara bado unakatwa. Yapasa ijulikane kwamba kutia sahihi si lazima siku ile ile hati inapoletwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ipo kwa ajili ya kusimamia kampuni hizo, na sheria hiyo hiyo iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ili mwananchi asiyeridhika awe na mahali pa kusikilizwa.

Kuhusu leseni ya njia, historia ya Tanzania Bara inatoa fundisho. Kwa miaka mingi ada ya leseni ya gari ilitozwa kwa mwaka, gari litembee au lisitembee. Madeni yakajilimbikiza juu ya magari yaliyokuwa yameota majani uani. Katika bajeti ya mwaka 2017, Serikali ilifuta ada hiyo ya kila mwaka, ikasamehe malimbikizo ya nyuma, na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa mwenye gari lililokufa, hatua hiyo ilikuwa ya haki, kwani gari lisilotembea halinywi mafuta. Lakini mzigo haukutoweka. Bibi anayewasha kibatari na mvuvi wa pwani ya Tanga anayetia petroli katika mashine ya boti waliingizwa katika kulipia barabara ambazo pengine hawazitumii.

Mkazi wa Shumba asidanganyike kwamba msamaha huo ulivuka bahari ukamfikia. Usajili na leseni za vyombo vya moto Zanzibar huendeshwa kwa sheria za Serikali ya Mapinduzi, na mabadiliko ya Bara hayahamii Visiwani yenyewe. Gari la namba za Zanzibar huulizwa katika ofisi za Zanzibar. Gari lililoletwa kutoka Bara na kufia Pemba likiwa bado na namba za Bara, faili lake liko Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwenye gari asiyejua jina lake limeandikwa katika daftari lipi hataweza kulifuta.

Tena, kulifuta si kwa ajili ya deni peke yake. Kadi ya gari na vibao vya namba vya gari lililokufa ni mali yenye soko la giza. Mabaki yakiuzwa pamoja na kadi, gari la wizi linaweza kuvikwa jina la marehemu, likatembea barabarani, likagonga mtu, na askari wakabisha hodi Shumba kumtafuta mwenye jina. Kwa sababu hiyo, anayeuza mabaki auze chuma peke yake. Kadi na vibao virudishwe ofisi ya usajili pamoja na ripoti ya polisi, na stakabadhi ya kuvirudisha ihifadhiwe. Nakala ya hati ya bima nayo isitupwe, kwa maana majeruhi wa ajali ile anaweza kudai baada ya miezi mingi, na bima iliyokuwapo siku ya ajali ndiyo itakayomkinga dereva.

Hayo ni wajibu wa mwananchi. Lakini si haki kumlaumu yeye peke yake. Mtu wa Shumba aliyevunjika mguu na kupoteza gari anatakiwa aende polisi, aende kwa kampuni ya bima, aende kwa mkopeshaji, kisha aende ofisi ya usajili, na kila mlango unamwomba karatasi iliyoko mlango mwingine. Nauli inamwishia njiani baina ya Micheweni, Wete na Chake Chake. Si ajabu kwamba wengi huamua kuliacha gari lioze kwa chumvi ya bahari, na deni liende litakakokwenda.

Enzi ambazo bima ilikuwa mikononi mwa mashirika mawili ya umma, yaani Shirika la Bima la Taifa kwa Bara, lililotaifishwa mwaka 1967, na Shirika la Bima la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1969, mtu alijua mlango wa kubisha. Tangu sheria ya mwaka 1996 kuruhusu kampuni binafsi, milango imekuwa mingi. Wingi huo una faida zake, lakini unahitaji daftari moja linalosomeka na wote. Chombo cha kuanzia kipo. Leo askari wa usalama barabarani huihakiki stika ya bima kwa simu ya mkononi, kupitia mfumo wa TIRA. Simu inayoweza kusema kwamba stika ni halali haishindwi kusema kwamba gari hili limekufa.

Kwa hiyo mambo matatu yanastahili kutekelezwa. Kwanza, kampuni ya bima inayolipa hasara kamili ilazimishwe kumwarifu msajili wa vyombo vya moto mara moja, na taarifa hiyo itoshe kusimamisha ada yoyote tangu siku ya ajali. Pili, kwa gari lisilokuwa na bima kubwa, taarifa ya polisi pamoja na uthibitisho wa Sheha zikubaliwe kuwa ushahidi wa kutosha. Tatu, maofisa wa usajili wapange siku za kufika Micheweni, wapokee kadi na vibao huko huko, kwani ofisi hufuata watu pale watu wasipoweza kuifuata ofisi.

Gharama ya kutekeleza hayo ni ndogo ukilinganisha na ile ya kufukuzana na madeni ambayo hayatalipwa kamwe. Na walimu na watumishi wa Shumba, ambao majirani huwaletea barua zao wasomewe, wanaweza kuanza leo bila kungoja sheria mpya: wamwulize kila mwenye gari lililolala uani kama kadi yake imekwisha rudishwa.