Gofu ya ridhaa: mkwaju wa pili ndio wenye hasara

Wachezaji wengi wa gofu wa Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam ni wa ridhaa. Ni watu wa maduka, maghala na ofisi, wanaocheza mwisho wa wiki. Matokeo yakiwa mabaya, wengi hukimbilia dukani kununua fimbo mpya. Wachache hujiuliza kichwa chao kilikuwa wapi wakati wa kupiga.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mashimo 18 huchukua takriban saa nne. Mchezaji anayepiga mikwaju 90, kila mmoja ukichukua chini ya sekunde mbili, hupiga mpira kwa dakika tatu tu. Muda wote uliobaki ni wa kutembea, kungoja na kuwaza, na humo ndimo mchezo unamoharibikia.

Mpira ukiingia vichakani, hasara ni mkwaju mmoja. Tatizo ni mkwaju unaofuata. Badala ya kuurudisha mpira kwenye njia iliyofyekwa, mchezaji hutaka kuupenyeza katikati ya miti ili arudishe kila alichopoteza. Mpira hugonga shina, hasira hupanda, na shimo moja humla mikwaju minne ya ziada.

Mfanyabiashara wa mpakani analifahamu jambo hili. Shehena ya nyanya ikimwozea Namanga, anayetaka kufidia yote kwa safari moja hukopa na kununua bila kuulizia bei ya upande wa pili. Hasara ya kwanza huzaa ya pili. Wahenga walishasema: hasira hasara.

Hili halimkumbi mchezaji dhaifu pekee. Mwaka 1921, Bobby Jones wa Marekani, akiwa na miaka 19, alikasirishwa na shimo la mchanga katika uwanja wa St Andrews, Scotland, akaokota mpira wake na kuacha mashindano. Mwaka 1927 alirudi uwanjani hapo akatwaa ubingwa wa Open. Mwaka 1930 alishinda mashindano yote manne makubwa ya enzi zake, akiwa bado mchezaji wa ridhaa. Kipaji alikuwa nacho tangu mwanzo, utulivu alijifunza.

Hata kanuni za gofu zinamsamehe mchezaji kuliko anavyojisamehe mwenyewe. Mfumo wa dunia wa hendikapu, ulioanza mwaka 2020 ili mchezaji wa nchi moja ashindane kwa haki na wa nchi nyingine, huchukua matokeo bora 8 kati ya 20 ya karibuni. Pia huweka ukomo wa mikwaju inayohesabiwa kwa kila shimo. Mwenye ukomo wa saba akipiga 11, kwenye hendikapu huandikiwa saba. Siku mbaya imeshawekwa kwenye hesabu. Kwa nini basi imharibie mtu mashimo yaliyobaki?

Wapo watakaosema utulivu haumsaidii asiyejua kupiga. Ni kweli, mazoezi hayana mbadala. Lakini kuchagua mkwaju salama hakuhitaji ufundi mkubwa. Mchezaji asimame nyuma ya mpira, achague mahali pa kuupeleka, avute pumzi, ajaribu fimbo mara moja, kisha apige. Afanye hivyo hivyo kila mara, mambo yakiwa mazuri au mabaya. Akikosea, ajipe hatua kumi za kukasirika, halafu aulize swali moja: mpira uko wapi sasa?

Vilabu vya ukanda huu vina walimu wa kushika na kuzungusha fimbo. Wakati umefika somo la kichwa nalo lianze siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajatumia fedha zake kununua fimbo nyingine.