Nani Aliyeiua Reli ya Kisumu?



Iko hoja ambayo wakubwa wameirudia hata imekaribia kuwa sheria: kwamba reli ndogo ni hasara, na hasara hukatwa. Sisi tunaikataa. Tunaikataa si kwa mapenzi ya king'ora cha garimoshi, bali kwa hesabu.

Itazameni njia ya Nakuru hadi Kisumu. Ilipofika Ziwani mwaka wa 1901 ndiyo iliyokuwa reli kuu. Kisha ikajengwa njia ya kupitia Eldoret, ambayo ilifika Kampala mwaka wa 1931, na ya Kisumu ikashushwa cheo ikawa tawi. Mwaka wa 1994 bomba la mafuta likafika magharibi mwa nchi na kulinyang'anya tawi hilo mzigo mnono. Hilo tunalikubali, bomba husafirisha mafuta vizuri kuliko behewa. Lakini bomba halibebi mbolea, saruji wala mahindi.

Ujanja umo katika vitabu vya hesabu. Shehena ikitoka Mombasa kwenda Kisumu, mapato hugawanywa kwa kilomita, na tawi huambulia sehemu ndogo. Halafu tawi hilohilo hutwishwa fungu lake la gharama za makao makuu, gharama ambazo zingebaki palepale hata likifungwa. Hivyo ndivyo hasara inavyopatikana karatasini! Swali la haki ni jingine: tukiifunga njia hii, tutaokoa nini hasa, na tutapoteza nini? Tutapoteza nauli yote ya shehena hiyo tangu bandarini, si ya kipande cha mwisho pekee. Na meli zinazovusha mabehewa kutoka Kisumu hadi Port Bell zitapakia nini?

Tena njia isipotengenezwa, treni hutambaa; treni ikitambaa, mfanyabiashara hukodi lori; naye bwana mkubwa husimama na kutangaza kwamba hakuna mzigo. Mahakamani tungeuita huo ushahidi uliobuniwa na mlalamishi mwenyewe.

Mzigo huo haukutoweka. Umehamia barabarani. Treni moja ya tani 560 ni malori 20 ya tani 28 kila moja. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ekseli yenye uzito maradufu huiumiza barabara takribani mara 16. Nani hulipia mashimo hayo? Tangu mwaka wa 1993 tunatozwa ushuru wa kutengeneza barabara katika kila lita ya mafuta. Mkulima wa Muhoroni asiye hata na baiskeli huulipa katika nauli ya matatu. Wenye malori ni akina nani? Tunauliza tu.

Mwaka wa 2006 reli yetu ilikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka wa 2017 mkataba ukavunjwa. Njia ya Kisumu ilikuwa imeachwa ikimezwa na nyasi, na serikali ikalazimika kuikarabati kwa fedha za umma. Treni ya abiria ilirejea Kisumu Desemba 2021. Kumbe maiti alikuwa hai! Matengenezo ya kila mwaka yaliyokwepwa tuliyalipa kwa mkupuo mmoja, na wateja waliokwisha kununua malori hawarudi kwa kupigiwa honi.

Ipo pia ardhi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Reli iliyonyamaza ni mwaliko kwa wenye tamaa hiyo.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010, inayotaka wananchi washirikishwe, njia yoyote isifungwe kabla ya watu wa Londiani, Fort Ternan na kwingineko kusikizwa. Na kwa Ibara ya 35 tunadai hesabu kamili ya njia ya Kisumu: tani zilizobebwa, mapato tangu Mombasa, gharama ambazo zingeepukika, na gharama ya barabara kando yake. Ichapishwe kwa Kiswahili pia, ili mkulima wa Muhoroni aisome mwenyewe.