Sarafu adimu: Mnunuzi hununua dhahabu au hununua cheti?

MWAKA 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani lililokuwa limezingirwa katika Afrika Mashariki lilitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja uliwekwa picha ya tembo, na upande wa pili tai wa dola ya Kijerumani.

Sarafu hizo, zilizotengenezwa 16,000 hivi tu, leo zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Hata hivyo, bei ya kila moja mnadani haitegemei umri wake na uzito wa dhahabu peke yake. Kwa kiasi kikubwa inategemea namba iliyochapishwa kwenye lebo, ndani ya kikasha cha plastiki kilichofungwa na kampuni ambayo si muuzaji wala mnunuzi.

Utaratibu huo ulishika mizizi nchini Marekani katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo, ubora wa sarafu ulitangazwa na muuzaji mwenyewe. Mfanyabiashara huyo huyo aliisifu sarafu alipokuwa akiiuza, na kuitia kasoro alipokuwa akiinunua. Mnunuzi asiye mtaalamu hakuwa na pa kukimbilia.

Mwaka 1986 ikaanzishwa kampuni ya PCGS, na mwaka uliofuata NGC. Kampuni hizi huchunguza kama sarafu ni halisi, kisha huipa daraja kati ya 1 na 70. Kipimo hicho kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu katika matumizi ya kawaida huanzia 60 kwenda juu.

Kampuni hizo pia hutoa dhamana. Ikibainika kwamba sarafu iliyothibitishwa ni bandia, au ilipewa daraja lisilostahili, mwenye nayo hulipwa fidia kwa masharti maalumu. Kwa sababu hiyo, watu walianza kununua sarafu wasizoziona, kwa simu na baadaye kwa intaneti.

Nguvu ya namba hiyo inaonekana wazi katika dola ya fedha ya Marekani aina ya Morgan, iliyotengenezwa San Francisco mwaka 1884. Iliyochakaa kwa matumizi huuzwa kwa bei isiyofika dola 200. Sarafu ya mwaka ule ule, kutoka kiwanda kile kile, ikipewa daraja la 65, bei yake hupita dola 100,000.

Hapo ndipo penye tatizo. Uhalisi wa sarafu ni jambo la ukweli: ama ni halisi, ama ni bandia. Daraja, kinyume chake, ni maoni ya wataalamu waliotazama mng'ao na mikwaruzo kwa muda mfupi. Soko limeyachukua maoni hayo na kuyauza kana kwamba ni vipimo vya mizani.

Marekani ilikwisha kuonja matokeo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, fedha za wawekezaji wa Wall Street zilimiminika katika sarafu zenye vyeti, wakiamini kuwa zinaweza kuuzwa na kununuliwa kama hisa. Bei zilifika kileleni mwaka 1989, kisha zikaporomoka. Mwaka 1990, tume ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia biashara iliishitaki PCGS kwa kutia chumvi katika matangazo yake kuhusu usahihi wa madaraja, na shauri likamalizwa kwa makubaliano.

Aidha, anayelipia uhakiki ni mwenye sarafu, siyo atakayeinunua. Mwenye mali asiporidhika na daraja huweza kuvunja kikasha na kuipeleka sarafu upya, mara ya pili hata ya tatu, mpaka apate namba ya juu zaidi. Ulimwengu uliona hatari ya mpango wa namna hii mwaka 2008, ilipobainika kwamba dhamana za mikopo ya nyumba zilizokuwa zimepewa alama za juu, na kampuni zilizolipwa na wauzaji, hazikustahili alama hizo.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2007 ilianzishwa kampuni nyingine, CAC, ambayo kazi yake ilikuwa kuwahakiki wahakiki: kubandika nembo ya kijani kwenye vikasha vyenye sarafu zinazostahili kweli daraja zilizopewa. Wanunuzi wakakubali kulipa zaidi kwa nembo hiyo. Wakati huo huo waghushi nao wakaanza kutengeneza vikasha bandia.

Haya hayamaanishi kwamba uhakiki hauna faida. Bila huo, mnunuzi wa mbali angekuwa windo la matapeli, hasa sasa ambapo sarafu bandia zimejaa sokoni. Lakini cheti kinajibu swali moja vizuri, la uhalisi, na swali la pili, la ubora, kwa makadirio. Anayelipa maelfu ya dola kwa tofauti ya hatua moja ya daraja ananunua makadirio.

Kwa familia ya Tabora au Unguja yenye sarafu ya kale sandukuni, funzo liko karibu zaidi. Wengi huisugua kwa majivu au ndimu ili ing'ae kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Wahakiki huitambua sarafu iliyosuguliwa, na kwa kawaida huinyima namba kabisa. Thamani yake hushuka papo hapo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika soko la sarafu adimu kizuri kimeacha kujiuza chenyewe. Kinauzwa na lebo. Mnunuzi mwenye busara ataisoma lebo, atahakikisha namba yake katika kumbukumbu za kampuni iliyoitoa, kisha ataitazama sarafu yenyewe kwa macho yake.