Sinia na Mizani

Mwaka umezunguka tena, na mhariri amenikumbusha kuwa ukurasa wangu bado ni mtupu. Safari hii nataka tuzungumze habari za matumbo yetu, nami nitaanza na langu.

Mwezi wa Januari daktari alinipima. Kilo 91, kimo mita 1.70. Kilo zikagawanywa kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo, jawabu likawa 31.5. Akanambia, "Mwalimu, kuanzia 30 tunauita unene wa kupindukia, na sukari yako imepanda. Punguza." Hesabu hiyo ina asili yake hapa hapa Ubelgiji. Aliyeibuni ni Adolphe Quetelet, mzaliwa wa Ghent, aliyefariki Brussels mwaka 1874. Sanamu yake iko katika bustani ya Palais des Académies. Mara ngapi nimeipita bila kujua kwamba bwana yule ananipima!

Nilirudi nyumbani na hofu. Marehemu kaka yangu alikatwa mguu kwa maradhi haya ya sukari kabla ya kututoka, na nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Basi nikakata shauri: wali haramu, chapati haramu, ugali na mbatata haramu. Asubuhi chai kavu, mchana saladi, usiku kipande cha nyama. Vidonge vya sukari nikaendelea kuvimeza kama kawaida. Wiki tatu zikapita, mizani ikashuka kilo nne, nikajiona shujaa.

Jumamosi moja, nikitoka soko la Abattoirs kule Anderlecht na mkoba wa bamia mkononi, nikashikwa na jasho baridi. Mikono ikatetemeka, macho yakaingia kiza, nikakaa chini kwenye kituo cha tramu. Kijana mmoja nisiyemjua akaninunulia kopo la soda tamu, nikanywa, nikarejewa na fahamu. Daktari hakunificha neno: vidonge vyangu ni vya aina inayoshusha sukari hata kama mtu hakula wanga, na mimi nilibadili chakula bila kumwambia. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Kwa hiyo, ndugu zangu, neno la kwanza ni hili: anayetumia insulini au vidonge vya sukari asikate chakula kabla hajazungumza na daktari wake.

Kulikuwa na jambo la pili. Ngazi za nyumba yetu, zile nyembamba za Brussels ambazo nyote mnazijua, zikawa zinanishinda. Mpwa wangu, ambaye anasomea uuguzi, alikuja kunitazama. Akasema, "Shikamoo mjomba. Mizani imeshuka, lakini imeshuka nini? Mizani haijui kutenga mafuta na nyama ya mwili. Mtu wa umri wako akijinyima ovyo, hupoteza na misuli."

Nikaona haya, maana somo hilo nimelifundisha ubaoni miaka mingi: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kulinda mwili. Watoto waliimba, nami nikaenda nyumbani kula sinia la wali. Hali kadhalika madrasa tulifundishwa kuliachia tumbo theluthi tu ya chakula. Lakini theluthi ile inatueleza kiasi, na bado inatupasa kujua ndani yake tunatia nini.

Mpwa wangu akachukua karatasi. Gramu moja ya wanga ina kalori 4. Gramu moja ya protini nayo ina 4. Gramu moja ya mafuta ina 9, yaani zaidi ya mara mbili. Kisha akatoa kopo la tui kabatini, la mililita 400, akanisomesha nyuma yake kama mtoto wa darasa la kwanza: mafuta gramu 18 katika kila mililita 100. Tukazidisha: gramu 72 za mafuta, kalori 648. Hizo ni sawa na kalori za mchele mkavu wa gramu 180 na zaidi kidogo! Mimi nilikuwa nikimlaumu mchele, kumbe mwenzake amejificha ndani ya sufuria.

Maandishi hayo nyuma ya kopo ni ya lazima katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2016, kwa hiyo tuyatumie. Wanga utauona umeandikwa "glucides" au "koolhydraten", protini "protéines" au "eiwitten", na mafuta "matières grasses" au "vetten". Kina mama wasiosoma Kifaransa wala Kiholanzi wawaombe wajukuu wawasomee. Ni kazi nzuri kwa mjukuu.

Sasa mtaniuliza: tukate kipi, wanga au mafuta? Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, na wote wakaambiwa wale mboga kwa wingi na waepuke sukari. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0. Wataalamu wakasema tofauti hiyo si ya kutegemewa. Basi hakuna adui mmoja wa kufukuzwa mezani. Mwili hupungua ukipata kalori chache kuliko unazotumia, na njia utakayoweza kuishi nayo mwaka mzima ndiyo njia yako.

Tatizo la meza zetu ni kurudufu. Karamuni tunaweka wali, chapati na mbatata pamoja, na vyote vitatu ni wanga. Samaki ni kipande kidogo, na mboga ni za kupamba. Aidha sinia halina mipaka: kila mtu anakula mpaka mwenzake aache, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Siku hizi sahani yangu ina nusu ya mboga: mchicha, bamia, kabichi, kachumbari, au sombe isiyoogeleshwa katika mawese. Robo ni wanga wa aina moja tu, wali ama chapati ama ugali. Robo ni protini: samaki, kuku, mayai, maharage, choroko, au dagaa, yaani ndagala kama wasemavyo ndugu zetu wa Bujumbura. Kwa sisi wazee wataalamu wengi hutaja protini isiyopungua gramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, na samaki wa gramu 100 ana 20 hivi. Mwenye maradhi ya figo asifuate hesabu hii bila ya daktari.

Vita vilikuwa juu ya tui. Mama watoto alisema, "Mwalimu, wali bila tui ni chakula cha wagonjwa." Nikamjibu, "Na mimi ni nani?" Akanyamaza, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, maana naye alimuuguza kaka. Tukapatana: tui zito siku ya Ijumaa tu. Siku nyingine nusu kopo kwa maji mengi, na mafuta ya kukaangia yapimwe kwa kijiko, si kwa shingo ya chupa. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi.

Kufikia Novemba nilikuwa kilo 84. Ile hesabu ya Bwana Quetelet imeshuka hadi 29, daktari amenipunguzia vidonge, na ngazi napanda nikiwa na mkoba. Sikusema nimepona. Nasema kwamba haba na haba hupunguza kibaba pia.

Ombi langu kwenu ni moja. Mkinialika mwaka ujao, na Mungu akipenda mtanialika, msinipakulie kwa heshima. Nipeni sahani, nipakue mwenyewe.

Ndugu yenu,
Mwalimu Mstaafu