Kikombe Kisicho na Kwao

Thamani ya kitu cha kale haimo katika dhahabu yake pekee, bali pia katika udongo kilimotoka. Tuvitazame vikombe vya ibada ambavyo Wayunani wa kale waliviita ritoni: vyombo vyenye umbo la mnyama, divai ikimiminwa kwa juu na kutokea katika tundu dogo upande wa chini.

Tarehe 8 Desemba 1949, karibu na mji wa Panagyurishte nchini Bulgaria, ndugu watatu waliokuwa wakichimba udongo wa kiwanda cha vigae walifukua vyombo tisa vya dhahabu, vyenye uzito wa zaidi ya kilo 6. Miongoni mwake mlikuwa na vichwa viwili vya ayala, kimoja cha kondoo dume, na ritoni ya mbuzi. Waliviwasilisha kwa wenye mamlaka. Kwa kuwa vilipatikana pamoja, wanazuoni waliweza kuvisoma kama seti moja ya karamu, ya takriban miaka 2,300 iliyopita, yenye ufundi wa Kiyunani katika nchi ya Wathraki. Hadi leo ni fahari ya taifa zima.

Sasa tazama ritoni nyingine, yenye kichwa cha ayala, ya takriban mwaka 400 KK. Ilijitokeza sokoni bila historia, baada ya makaburi na magofu ya Milas, nchini Uturuki, kuporwa. Mwaka 1991 bilionea Michael Steinhardt wa New York aliinunua kwa dola milioni 2.6, kisha akaiazima kwa jumba kubwa la makumbusho la jiji hilo. Desemba 2021, kwa makubaliano na mwendesha mashtaka wa Manhattan, alisalimisha vitu 180 vya kale na kupigwa marufuku kununua vingine maisha yake yote. Hakushtakiwa.

Ritoni hiyo ilitoka katika kaburi la nani? Ilizikwa na nini? Mporaji alifukia majibu hayo alipofukua chombo. Kurudisha chombo ni haki, lakini hakurudishi maarifa.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mchimbaji wa usiku huchimba kwa sababu upo mkono uliojaa unaomngoja. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanalijua hili: vigango vya wazee wao viling'olewa na kuuzwa hadi Marekani, na ni baadhi tu vilivyorejea.

Basi sheria isiishie kwa mwenye jembe. Anayenunua kitu cha kale athibitishe, kwa hati, kilitoka wapi na kwa idhini ya nani. Akishindwa, ahesabiwe mshiriki wa wizi. Na makumbusho yanayopokea maazimo bila kuuliza swali hilo yasijifiche nyuma ya kioo cha elimu. Kikombe kisicho na kwao ni ushahidi wa kosa, hata kikiwekwa chini ya taa nzuri kiasi gani.